Imetumbukia! Mwongozo wa kuopoa nati ndani ya injini

Hatua ya kwanza ni kutofanya chochote. Ondoa mikono injinini, sema lahaula, kisha nyamaza. Ukimya wako hautadumu, maana hakuna habari inayoenea gereji upesi kuliko ya nati iliyoponyoka, na kila anayesogea ana ushauri. Mmoja hakosekani: "Washa tu, itatoka kwa ekzosi." Anayesema hivyo hatanunua silinda heda nyingine. Mpe stuli akae, mpe na chai, lakini ufunguo wa gari uwe mfukoni mwako.

Nati ya spana namba 10, ile iliyojaa kila kona ya magari ya Kijapani, ina unene wa milimita 5 hivi. Kwenye injini nyingi za dizeli, pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kati yake na silinda heda ni kama milimita moja. Sasa piga hesabu. Injini ikinguruma polepole kwa mizunguko 800 kwa dakika, pistoni inapanda mara 13 kila sekunde, na kila ikipanda inaibamiza nati ile ile. Valvu inapinda, kichwa cha pistoni kinachimbika, plagi inavunjika ncha. Kabla hujamaliza kusema "zima!", kazi ya sumaku imeshakuwa kazi ya kufungua injini.

Kwa hiyo chomoa waya hasi wa betri. Toa gia, maana gari la gia za mkono likisukumwa huku gia imeingia, magurudumu yataizungusha injini hata kama betri umeibeba kwapani. Na kijiweni kwetu gari lililosimama huwa linasukumwa, hata kama hakuna aliyeomba.

Hapo ndipo msako unaanza, na unaanzia nje. Nati nyingi zinazoliliwa hazijaingia injini kamwe. Zimelala juu ya kava la plastiki lililofungwa chini ya injini, zimekaa kwenye bega la gia boksi, zimejibanza nyuma ya alternata. Kumbuka mlio: plastiki hutoa kishindo kizito kimoja na basi, chuma hulialia mara mbili tatu kikishuka. Fungua kava la chini kabla ya kitu kingine. Usishangae ukikuta nati mbili au tatu zisizo zako. Ni za mafundi waliotangulia, na wenyewe waliapa kwamba zimepotea.

Kama haipo nje, uliza imepitia mlango gani. Kwenye injini kama ya Toyota IST, plagi imekaa chini kabisa ya shimo refu, chini ya koili. Kitu kikianguka humo na plagi bado imefungwa, una bahati kubwa: plagi ndiyo kizibo. Kosa la kuua ni kuifungua ili "uone vizuri", kwa sababu ukiifungua tu umeifungulia nati mlango wa silinda. Iopoe kwanza, fungua plagi baadaye.

Ikiingia kwenye manifoldi ya hewa wakati kabureta au throto imetolewa, huenda imekwama nyuma ya valvu iliyofungwa. Usizungushe injini hata nusu, kwa maana valvu ikifunguka, nati inashuka. Na ikiangukia chini ya tapeti kava, ina njia mbili: matundu yanayorudisha oili kwenye sampo, au pango la taimingi cheni. La pili ndilo la kuogopwa zaidi. Nati ikiingia kati ya cheni na meno, cheni inaruka, taimingi inapotea na valvu zinakutana na pistoni.

Kuhusu sampo kuna ubishi wa miaka mingi. Wapo wanaosema nati iliyolala humo iachwe, kwa kuwa pampu ya oili ina chujio na haiwezi kuimeza. Kuhusu chujio ni kweli. Kuhusu kuiacha, sikubali hata kidogo. Mwenye gari amelipia injini safi, na gari hilo litapanda mlima Kitonga, litapita matuta, litatikiswa. Mwaga oili polepole juu ya wavu, huenda ikatoka nayo. Isipotoka, fungua sampo.

Kuopoa kwenyewe kunahitaji utulivu. Sumaku ya mkono mrefu, ile inayovutwa kama antena ya redio, ndiyo rafiki wa kwanza. Lakini ijaribu kwanza kwa ndugu wa nati iliyopotea. Ikiwa haimvuti ndugu, haitamvuta na yeye: aluminiamu, shaba na chuma kingi kisichoshika kutu havisikii sumaku. Hapo tumia waya wenye kucha, au fimbo yenye grisi nzito nchani, au mpira mwembamba uliofungwa kwenye mashine ya kunyonya vumbi. Kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu itakuonyesha ilipo. Upepo wa kompresa usiupeleke ndani ya silinda wala manifoldi. Utaifukuza nati hadi mahali ambapo hata kamera haifiki.

Kifaa kinachokosekana zaidi gereji, hata hivyo, hakiuzwi kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani wala ya Kirinyaga Road. Ni kijana wa kazi anayeweza kusema "Fundi, imeniponyoka" bila kuogopa kofi, tusi au kukatwa posho. Kijana anayeogopa atachukua nati nyingine kwenye kopo, atafunga, atafuta mikono. Injini itakufa wiki ijayo barabarani ikiwa na familia ndani. Fundi mkuu, hili ni lako. Siku kijana atakapokuambia, mshike bega, mwambie amefanya vyema, kisha mtafute pamoja. Na kabla ya kazi inayofuata, mfundishe kuziba kila tundu lililo wazi kwa kitambaa kikubwa kisichoweza kumezwa, na kuhesabu vitambaa hivyo kabla ya kufunga.

Ukiipata, iangalie kama ni nzima. Waasha iliyomeguka bado ina kipande ndani. Ikiwa nzima, toa plagi zote, weka spana kwenye bolti ya puli ya kranki, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa sababu ndiyo inayokamilisha zamu ya kila valvu na kila pistoni. Ikigoma popote, usilazimishe. Kuna kitu bado. Ikipita laini yote miwili, rudisha plagi, rudisha waya wa betri, mpigie mwenye gari umweleze yote yaliyotokea, umwonyeshe na nati yenyewe.