Shefu wa Nyakanazi

Kagera ni mkoa uliozoea maprofesa, na mpishi mwenye cheti hapati pa kukaa. Daktari akirudi Ngara likizo, mhandisi akirudi, hata karani wa wizara akirudi, wanachinjiwa mbuzi. Mimi nikirudi naambiwa mbuzi yule pale, kisu kiko kwa jirani.

Shangazi yangu, Mhangaza asiyekopesha maneno, hadi leo anatafuta ada yangu ilikwenda wapi. "Mwanangu, tuliuza kahawa ukajifunze kupika? Mbona dada zako wanapika na hawakuuziwa hata debe?" Nikamweleza habari za usafi wa jiko, hesabu za gharama ya kila sahani, na kwamba kuku asipofika nyuzi joto 74 katikati anaweza kuwapeleka watu hospitali. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama wale kuku wake alionilea nao walikuwa wanafika hizo 74.

Kuhusu kupikia umati ndiyo sithubutu kufungua mdomo mbele yake. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi kama robo milioni kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24, Benaco ikageuka mji wa mahema, mahindi, maharage na moshi, na vilima vikanyolewa miti kwa ajili ya kuni. Aliyeyaona hayo hatishwi na jiko langu la gesi la plati nne.

Na chuoni tulisumbuka, jamani. Karoti ilikatwa vipande vya milimita tatu kila upande, mwalimu akipita na rula kama fundi seremala. Tulikariri michuzi mama ya Wafaransa, ile iliyopangwa na Auguste Escoffier katika kitabu chake cha mwaka 1903. Naye alikipanga bila kujua kwamba kuna kijana wa Rulenge atakosa usingizi kwa ajili ya veluté. Huku nyumbani mchuzi ni mmoja tu, na swali lake ni moja: upo wa kutosha?

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipopandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, nikasema sasa mambo yamejipa. Watalii watakuja, watalala, watakula. Nikaenda kwenye usaili wa nyumba moja ya wageni, kofia yangu ndefu nyeupe imekunjwa vizuri mfukoni. Nikaulizwa kama naweza pia kufua mashuka na kulinda geti usiku. Upande wa mapishi waliuliza jambo moja: chipsi mayai najua?

Basi nikaangukia Nyakanazi. Mahali penyewe ukipaangalia kwenye ramani unaona pesa: barabara ya Kigoma kupitia Kakonko na Kibondo, ya Kahama, na ile ya kuelekea Rusumo na Kabanga, zote zinakutana, na malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana. Ungedhani mpishi aliyesoma atajenga ghorofa. Lakini adui yangu si mama ntilie wa pembeni, huyo tunaazimana chumvi. Adui yangu ni utingo. Lori likisimama tu, utingo anashuka na jiko lake, anajikunja chini ya tela, anamenya kitunguu juu ya goti bila kibao, na muda si mrefu dereva anakula ugali kwa nyama ambayo, nasema kwa uchungu, inanukia kuliko yangu. Hana cheti. Hana hata mfuniko.

Wachache wanaoingia kwangu hawasomi menyu. Niliichapisha Biharamulo mjini kwa gharama, nikaivalisha plastiki: sato wa Ziwa Victoria na mchuzi wa parachichi na ndimu, ndizi za kuokwa na karanga. Dereva anaichukua, anaiweka chini ya kikombe cha chai, anauliza, "Wali nyama upo?" Upo. "Nyama vipande vingapi? Maharage yanakuja humohumo? Supu ni bure?" Mahojiano ya Uhamiaji Rusumo hayafikii hayo.

Mteja mmoja tu ndiye aliyewahi kuyatamka majina ya michuzi yangu sawasawa, Mrundi wa lori la mafuta, Kifaransa kinateleza. Alisoma menyu yote, kwa sauti, akitikisa kichwa kwa heshima. Moyo ukanidunda. Akaifunga, akaagiza isombe na ugali wa muhogo.

Zinazonimaliza kabisa, hata hivyo, ni harusi za ukoo. Juzi kamati imeniletea ujumbe kwamba mchango wangu safari hii ni utaalamu: nitasimamia chakula chote, kuanzia kuchinja hadi kupakua. Nikafurahi, kwa mara ya kwanza fani yangu imetajwa kikaoni. Nikamuuliza mweka hazina, kwa unyenyekevu, kama basi ile elfu hamsini iliyoandikwa kwenye kadi yangu imefutwa.

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mjomba, kwani siku hiyo wewe hutakula?"