Kondoa mwambani: tano, nne, tatu, mbili, moja!

Kolo ya Kondoa iko kando ya barabara ya Dodoma kwenda Arusha, na wasafiri wengi huipita wakiwaza chakula cha Babati. Jamani, shukeni! Chakula kitasubiri. Haya, twende tukihesabu sababu tano za kuiona michoro ya miambani.

5. Kuta hazikosekani. Miamba iliyochorwa ni zaidi ya 150, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Hata ukijifanya una haraka, huimalizi kwa siku moja.

4. Rangi haikuchuja. Nyumba zetu zikipigwa masika mawili tu, rangi inabanduka na fundi hapokei simu. Wenzetu waliochora hapa walisaga mawe mekundu yenye chuma, wakapaka chini ya paa la mwamba. Maelfu ya miaka baadaye, pofu bado ana pembe zake.

3. Nywele! Hapa mniache kidogo. Watu wa Kondoa wamechorwa warefu, wembamba kama fito, na juu ya shingo limekaa duara kubwa la nywele au kilemba. Sogea hadi ubakize shubiri moja (mikono mfukoni, ndugu yangu, jasho la vidole huharibu). Utaona mistari myembamba kama uzi, mmoja pembeni ya mwenzake, na haikugongana. Saluni ya leo ungekaa kitini saa nne kwa kichwa kama hicho. Huyu fundi alikisuka juu ya jiwe lenye mabonde na vipele, na mkono haukumtetemeka. Anayewaita watu hawa washamba wa sanaa ajaribu kuchora unywele mmoja ukutani kwake.

2. Mama Mary Leakey, mwanaakiolojia. Mwaka 1951 alikuja kunakili michoro hii, mstari kwa mstari. Kitabu chake kikatoka 1983. Miaka 32! Nawe unamnunia fundi kwa kuchelewa wiki mbili?

1. Watano wa Mongomi wa Kolo. Panda kilima, pumua, kisha inua macho. Katikati kuna mtu mmoja. Wawili wamemshika upande huu, wawili upande ule, na wale wa kulia vichwa vyao ni kama wamevaa vinyago. Leakey aliona mwanamke anatekwa, wenzake wanamng'ang'ania. Wengine wanaona ngoma ya simbo ya Wasandawe, mchezaji amepandwa na wenzake wanamtegemeza. Bishaneni mpaka jioni, ila kwa sauti ya chini: wenyeji bado huja Mongomi kutambika na kuomba mvua, hapa ni nyumbani kwa watu. Mimi jicho langu halitoki kwenye mikono. Imevutwa, imenyooka, myembamba kama majani ya ukoka, na hakuna aliyemwachia mwenzake.