Sifa za Nywila Iliyonitoroka

Watu husifu mvua, husifu mama, husifu ng'ombe wa gredi na kipa aliyezuia penalti. Mimi leo namsimamia mnyonge ambaye sijasikia akitungiwa hata ubeti mmoja: nywila iliyosahaulika. Wala siisifu kwa kusikia. Niliishi nayo wiki tatu chini ya paa moja la mabati hapa Tuwan, na sijapata mgeni mwenye adabu kama huyo. Hakula, hakukoroma, hakuomba nauli ya kurudi kwao.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, kuukuu, mtumba niliouokota mjini Kitale, na kazi yake kubwa ni moja. Mimi ni katibu wa chama cha kukopeshana cha ploti yetu na ploti mbili za jirani, na madeni yote yamo humo: nani alichukua elfu tatu za karo, nani alichukua elfu tano za mbolea akaahidi kulipa akivuna, na ni mavuno ya mwaka gani hasa aliyokuwa akiyasema. Jumatatu moja jioni, chai imeshanyweka, nikaiwasha na kuandika nywila yangu kwa kidole kimoja, kama ilivyo desturi yangu. Ikakataa. Nikaandika tena polepole, huku naitamka. Ikakataa. Nikaangalia kama kile kitufe cha herufi kubwa kimejibonyeza. Hakikuwa kimejibonyeza. Ikakataa mara ya tatu, kwa maneno yale yale, bila kupandisha sauti.

Kijana wangu wa gredi ya sita, aliyekuwa pale mezani na vitabu vyake, akainua kichwa. "Labda umesahau, Baba," akaniambia kwa upole.

Labda. Neno dogo, lakini likishaingia halitoki. Dakika moja kabla yake ningeapa mbele ya wazee kwamba naijua nywila yangu; dakika moja baadaye sikuwa na hakika hata ya siku niliyozaliwa.

Hebu tuseme haki. Askari wa geti ukimzoesha chai atakupigia saluti, na kesho atamfungulia yeyote aliyevaa koti linalofanana na lako. Huyu wangu nilimnunua mimi, stima yake nalipa mimi, vumbi lake nafuta mimi, na bado aliniambia usoni kwamba hanijui. Angekuwa mtu ningempandishia mshahara.

Sasa nitaitaja ile nywila, kwa kuwa haifungui chochote tena. Ilikuwa H6213. Mgeni ataona ni namba za gari; mtu wa Trans Nzoia atajua ni mahindi. Huku kwetu mbegu zina majina kama wanajeshi, na mzee asiyejua namba ya simu ya mwanawe atakutajia H614 na H629 bila kukohoa. Kitale ndiko H611 ilikotoka mwaka wa 1964, mahindi yetu ya Kitale yakiwa yameoana na mbegu iliyotoka Ecuador, na tangu hapo wakulima wa milimani hawakurudi nyuma. Basi nilipoambiwa nimesahau, nikafanya ambalo kila mwenyeji angefanya: nikaanza kuita mbegu. H614. H614D. H629. H513, ingawa hiyo si ya nyanda zetu. Nikaongeza alama ya mshangao mwishoni. Nikaiondoa.

Katikati ya kazi hiyo nikamkumbuka Kassim, kaka yake Ali Baba. Huyu ndiye mzee wetu sisi waliosahau. Aliingia pangoni kwa neno sahihi, akajaza magunia ya dhahabu, na alipotaka kutoka neno likamponyoka. Alijua tu kwamba ni nafaka. Akaita shayiri, mlango kimya. Akaita nyingine na nyingine, mpaka wezi wakarudi wakamkatakata vipande. Neno lenyewe lilikuwa simsim. Watu wa pwani wanaosema ufuta wana udhuru, lakini nenda kwa Wateso kule Busia, au vuka mpaka uingie Uganda, uone kama kuna mtu anayeweza kusahau simsim, na ameila asubuhi. Kisa hicho nacho kilikaribia kutupotea: hakimo katika nakala kongwe za Alfu Lela Ulela. Kilisimuliwa na kijana Mkristo wa Aleppo, Hanna Diyab, alipokuwa Paris mwaka wa 1709, na Antoine Galland akakiingiza katika tafsiri yake ya Kifaransa. Kijana huyo hakusahau.

Na bado Kassim alibahatika kuliko Waefraimu. Katika kitabu cha Waamuzi waliulizwa neno moja tu kwenye vivuko vya Yordani, Shibolethi, nao walilijua vizuri, ila ulimi ulisema Sibolethi. Wakaanguka 42,000. Kompyuta yangu ilinikataa mara hamsini na haikunigusa hata ukucha. Nani mpole hapo?

Lakini fadhila kubwa ya nywila hii haikuwa kwangu. Ilikuwa kwa mtaa. Habari zilipoenea kwamba daftari la madeni limejifungia ndani, nilianza kupata wageni. Mama mmoja anayeuza omena, ambaye kwa miezi minne alikuwa akinikwepa kwa kupitia nyuma ya vyoo, alikuja mchana kweupe na mandazi yaliyofungwa kwenye gazeti. "Pole sana, katibu," akasema, akaketi, akatazama ile skrini kwa huruma kama anayemtazama mgonjwa. "Usiilazimishe. Vitu vya umeme ukivilazimisha vinakufa." Jirani wa ploti ya pili, mwenye elfu tano za mbolea, alinisalimia kwa jina la mwanangu wa kwanza, heshima ambayo sikuwahi kuiona. Mwenyekiti naye akapendekeza tuahirishe mkutano mpaka Mungu atakapofungua njia. Katika wiki hizo tatu hakuna aliyemnunia mwenzake Tuwan kwa sababu ya deni. Ni mchungaji gani amewahi kuleta amani ya namna hiyo kwa mahubiri?

Nilimpigia simu ndugu yangu wa Bungoma, ambaye hatukuwa tumezungumza naye tangu Pasaka. Akadhani kuna msiba. Nilipomweleza, akacheka mpaka akakohoa, kisha akanishauri nijaribu jina la ng'ombe wa mama. Tukakaa saa nzima kwenye simu tukibishana ng'ombe yupi: yule mweusi aliyetupa maziwa ya shule, au yule mwekundu aliyevunja ua wa mwalimu. Nani mwingine angetupatanisha na ng'ombe waliokufa miaka thelathini iliyopita? Mashine ina maswali yake ya akiba pia, ya kumsaidia msahaulifu, kama vile shule yako ya kwanza na jina la mnyama wako. Niliyajibu siku niliyoinunua. Kwa kuwa nilikuwa nimeshauriwa kwamba majibu ya kweli hukisiwa na wezi, nilijibu uongo. Uongo, kama kila shahidi ajuavyo, haukumbukwi kama ukweli.

Asubuhi moja nilipitisha kitambaa nyuma ya sipiyu nikahisi joto. Nikaona hata chuma kina moyo, kimeanza kuwa na homa kwa huzuni ya kufungwa. Nilimweleza mama watoto. Akanitazama, akaendelea kuchambua sukuma wiki.

Msidhani ni wanyonge wa Tuwan tu wanaosumbuliwa. Baba wa jambo hili ni Fernando Corbató wa chuo cha MIT, Marekani, aliyewapa watu nywila mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili wengi watumie kompyuta moja kubwa bila kuingiliana mafaili. Mwaka wa 1962 mwanafunzi wa chuo hicho, Allan Scherr, aliyepewa saa chache kwa wiki akaona hazimtoshi, aliiomba mashine imchapie nywila zote kwenye karatasi, nayo ikamchapia. Kwa hiyo wizi wa nywila una umri karibu sawa na nywila. Corbató mwenyewe uzeeni alikiri kwamba kitu hicho kimekuwa jinamizi. Naye Bill Burr, mtumishi wa serikali ya Marekani aliyeandika mwaka wa 2003 ule mwongozo wa kuchanganya herufi kubwa, namba na alama za ajabu, na kubadilisha kila baada ya muda, alikuja kujutia sehemu kubwa ya maneno yake mwaka wa 2017. Amejuta mtungaji. Mimi msifu sijajuta.

Mwisho wa mambo ulikuwa karo. Mama mmoja wa chama, miongoni mwa wachache wasio na deni, alitaka akiba yake, na akiba nayo ilikuwa humo humo ndani na madeni. Jumamosi nikamleta fundi.

Kijana mdogo, begi mgongoni, flashi moja mfukoni. Kabla ya kugusa chochote aliniuliza kama mashine ni yangu na kama nina risiti. Nikaona ananidharau, kumbe ana akili. Sheria ya mwaka wa 2018 ya makosa ya kompyuta inaweza kumpa anayeingia kwenye mashine ya mtu bila ruhusa faini ya hadi milioni tano au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, na yeye alitaka mia tano tu. Nikamwonyesha risiti. Akaichomeka flashi, akaiwasha mashine iamke kutoka kwenye ile flashi badala ya diski yake, na skrini ikawa nyeusi yenye maandishi meupe, kama redio inayoongea na mizimu.

"Neno lako silioni," akaniambia. "Hata yenyewe hailiweki. Inaweka alama tu ya lile neno, kama kidole gumba kwenye fomu. Mimi naifuta ile alama."

Akaifuta. Dakika kumi na moja, nilizihesabu. Mlinzi wangu wa wiki tatu, aliyenikataa mimi mwenye nyumba, alizungukwa kwa nyuma na kijana wa rika la mwanangu mkubwa. Kama ningekuwa nimeifunga diski yote kwa BitLocker, fundi akanieleza, flashi yake isingefua dafu. Ningehitaji ule ufunguo wa tarakimu arobaini na nane. Tarakimu nne zinanitoroka, itakuwaje arobaini na nane!

Alipoondoka nikaweka nywila mpya, nikaiandika kwenye karatasi, karatasi nikaitia ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Waamuzi. Daftari likafunguka. Yule mama wa omena alipita nje, akaiona skrini imewaka rangi, akageuza njia kuelekea nyuma ya vyoo.

Jioni kijana wangu akarudi kutoka uwanjani. Nilikuwa kitandani napumzika, pazia katikati yetu. Nikamsikia akivuta kiti. Nikasikia kibodi, upesi upesi, vidole vyote kumi. Kimya. Kibodi tena, pole kidogo. Kimya kirefu.

"Baba!" akaita, sauti imejaa malalamiko ya mtu aliyeibiwa. "Nani amebadilisha paswadi yangu?"