Sifa za Kushika Mkia

Mabingwa wamesifiwa vya kutosha. Wana kombe, wana nyimbo, wana gari la wazi la kuzungukia mji. Mkia wa ligi ndio haujapata wakili. Basi leo nautetea mimi, mwana wa Nkombo, kisiwa cha Ziwa Kivu upande wa Rusizi, shabiki wa Espoir, timu yetu ya soka ya Rusizi, Rwanda. Na katika kesi hii, ndugu msomaji, ushahidi ninao tele.

Tuanze na hili: bila mkia, mwisho wa msimu usingekuwa na ladha. Itazame timu iliyo nafasi ya nane mwezi wa Mei. Haina cha kugombea wala cha kuogopa. Wachezaji wake wanapasiana mpira kwa heshima kama wakwe, na mashabiki wanapiga miayo. Sasa njoo kwetu mkiani. Katika ligi ya timu 16, mbili zinashuka, na kila mpira wa kurusha ni suala la uhai. Kona moja inamwinua babu hadi anausahau mkongojo wake chini. Ni hospitali gani itakufanyia hivyo kwa bei ya tiketi?

Mkia pia huchuja mashabiki. Tulipokuwa ligi kuu, walipokuja wakubwa kama Rayon Sports au APR, uwanja wetu wa Kamarampaka ulifurika, ila wengi wa watazamaji walikuja kuwashangilia wageni, na wenyeji tuliombwa kusogea. Timu ikishafika mkiani, umati huo hutoweka. Unapata nafasi ya kunyoosha miguu, muuza karanga anakufikia bila kukanyaga mtu, na waliobaki unawajua kwa majina, kwa koo na kwa madeni yao.

Sisi wa kisiwani mkia ulitukuta tumekwisha kufuzu. Mvuvi aliyekesha ziwani na taa akivizia samaki wadogo waitwao sambaza, akarudi alfajiri na ndoo nusu, hashtuki dakika 90 zikipita bila bao. Mchana anavuka kwa boti, mvua za masika zinamlowesha kabla mpira haujaanza, naye hakuna kipigo cha jioni kitakachomlowesha zaidi. Wageni kutoka Kigali nao hufika wakiwa wamezungushwa na kona za msitu wa Nyungwe hadi matumbo yamewageuka. Hiyo tunaihesabu kuwa mbinu ya kocha.

Lugha nazo hustawi. Mwamuzi akitunyima penalti, hupewa ya moyoni kwa Kimashi cha kisiwani, kisha kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili tulichokiokota sokoni Bukavu, asije akasema hakusikia. Shabiki wa bingwa, asiye na malalamiko, atazeeka na maneno machache tu.

Na upendo je? Anayeongoza ligi huipenda timu moja. Wa mkiani analazimika kupenda nyingi: anaweka redio sikioni, anaiombea yake ishinde, jirani yake wa mkiani afungwe, na yeyote atakayemfunga jirani huyo, hata ikiwa ni APR aliyoitukana mwezi uliopita, anabarikiwa kwa jina. Elimu nayo haikosekani. Vijana waliotoroka hisabati shuleni utawasikia jukwaani wakikokotoa: tukishinda mbili, wao wakitoka sare moja, halafu tofauti ya mabao ikikaa hivi... Mwalimu wao angewasikia, angelia kwa furaha.

Ila fadhila kubwa kuliko zote aijuaye ni mtu wa kisiwani. Mechi huanza saa tisa alasiri, nahodha wa boti hapendi giza wala upepo wa jioni, na gati halipo mlangoni mwa uwanja. Hivyo dakika ya 80 sisi huwa tunainuka. Yale mabao ya dakika za majeruhi, ambayo timu za mkiani zina desturi ya kufungwa, hatuyaoni. Kwa hesabu ya Nkombo, Espoir imetoka sare mara nyingi kuliko ilivyoandikwa Kigali.

Wapinzani wangu watasema: mwisho wa kushika mkia ni kushuka daraja. Ni kweli, msimu wa 2022/23 Espoir ilishuka. Lakini waulize Kiyovu, ambao msimu huohuo walimaliza na pointi sawa na APR, kisha wakaukosa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Kati yao na sisi, nani aligaagaa kitandani usiku ule akihesabu bao moja moja? Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga. Sisi tulikuwa kwenye kidato cha chini kabisa, hatukuanguka mbali.

Kwa hiyo, ewe shabiki ambaye timu yako imekalia mkia mwezi huu, usivue jezi wala usihamie kwa wakubwa wa Kigali. Kata tiketi, keti, piga kelele. Daraja la pili nalo lina mechi za nyumbani, na nafasi za kukaa ni nyingi.