Shokapu Mbili za Kushoto

Gari langu ni Corolla ya namba A. Wenye namba E wakinipita njiani hunipa pole, nami huitikia asante, maana kulumbana na mtu mwenye kiyoyozi ni kujichosha.

Hapa Ujiji sihitaji honi. Likikanyaga rasta, mbele linagonga ko-ko-ko. Likikata kona linakoroma. Kwenye tuta linapanda, linashuka, halafu linapanda tena bila kuombwa. Wazee wanaokunywa kahawa barazani walishaligawana zamani. Mmoja anashikilia kwamba ni boljointi. Wa pili anasema ni bushi za mkono wa chini, tena aliwahi kuapa. Wa tatu, ambaye hata baiskeli hajawahi kumiliki, husema, "Mwalimu, hilo linataka kuuzwa," na kusema kweli ushauri wake ndio uliokuwa na gharama ndogo kuliko yote.

Ningeendelea kuvumilia, kama si mama mkwe. Siku moja nampeleka Mwanga sokoni, amekaa mbele, kila rasta "Ya Rabi", kila tuta "Ya Rabi". Mwishowe akauliza kwa upole:

"Baba, hiki kinachogonga kiko upande wako au upande wangu?"

"Upande wako, mama."

Akaomba nisimamishe gari, akahamia nyuma.

Fundi wangu ana gereji chini ya mwembe. Aliegemea kona ya boneti kwa uzito wake wote, akaachia. Gari zima linatakiwa linyanyuke mara moja litulie. Langu liliendelea kuitikia. Akapiga jeki, akalishika tairi juu na chini, akalitikisa, nalo likacheza kwa furaha. "Boljointi." Akaingia chini, akachomeka mtaimbo kwenye bushi, mpira ukafunguka mdomo. "Na hizi." Shokapu zenyewe zilikuwa zimejipaka mafuta mwili mzima. "Na hizi." Kumbe mzee wa kwanza na wa pili wote walikuwa wamepatia, jambo ambalo hawatalisikia kutoka kwangu.

Alipoifungua boljointi aliniita niitazame. Ni kitu kidogo tu: kichwa cha chuma cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe, kimelazwa kwenye grisi na kuvishwa kofia ya mpira. Kofia yangu ilichanika siku nisiyoijua. Akaingiza kidole, kikatoka na tope jekundu lenye chembechembe za mchanga wa ufukweni Kibirizi.

"Grisi ilishakwenda, Mwalimu. Humu kuna uji." Akaelekeza spana kule bandarini. "Wajerumani walipoizamisha ile meli yao mwaka 1916, mashine walizipaka grisi kwanza. Waingereza wakaja kuiibua 1924, bado zinafaa. Ndiyo hiyo Liemba. Grisi imekaa chini ya ziwa, wewe yako imeshindwa na vumbi."

Nilitaka kumjibu kwamba ziwani hakuna rasta, lakini fundi aliyelala chini ya gari lako habishiwi.

Bushi na boljointi tulizipata mjini. Shokapu za dukani alizikataa. Boksi lake lilikuwa limeandikwa "orijino" pande zote nne. Akaligeuza geuza, akalirudisha. "Kilicho orijino hakina haja ya kuapa. Tafuta mtumba wa Japani." Basi nikapiga simu Kariakoo, nikatumiwa picha, nikatuma hela, mzigo ukapandishwa basi.

Sasa, sisi tunaitwa mwisho wa reli, na jina hilo mtu hulielewa vizuri zaidi siku anayosubiri spea. Tatizo ni la kale. Livingstone aliporudi Ujiji Oktoba 1871, hoi bin taabani, alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimeuzwa zote na yule yule aliyekabidhiwa. Nilimkumbuka sana nilipokuwa napiga simu kwa konda asiyepokea. Zangu zilifika, namshukuru Mungu. Zilifika zote mbili, safi, ngumu, na zote mbili za kushoto.

Shokapu ya mbele ina upande wake. Kuna kishikizo kilichochomelewa ubavuni kwa ajili ya mpira wa breki, na ukikifunga upande usio wake, mpira unavutika usukani ukigeuzwa. Nikampigia muuzaji. Hakusita hata kidogo: "Mgeuze tu." Fundi alinyamaza, akaichukua moja, akaisimamisha juu chini mbele yangu. Ikawa shokapu ya kushoto iliyosimama kwa kichwa.

Hapo nikaikumbuka tena Liemba. Ilitoka Ujerumani vipande vipande ndani ya makasha, ikavuka bahari, ikasafirishwa hadi huku, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915, wakati wa vita. Meli nzima! Na inaelekea kila kipande kilifika kikiwa cha upande wake.

Muuzaji, baada ya kubanwa, alikumbuka kwamba siku ile ile alituma jozi nyingine kwa mteja wa Kasulu. Nikapewa namba.

"Kaka, samahani, hebu zitazame shokapu zako."

Kimya. Kisha likatoka neno ambalo mwalimu haandiki.

Tulikutana Mwandiga, kila mmoja na ya kwake mkononi, tukikaribiana taratibu kama askari wanaobadilishana mateka. Hakuna aliyetaka kuachia kwanza. Akaisukuma fimbo ya yangu chini akaisubiri irudi. Nami nikaisukuma ya kwake. Zilirudi zote. Kufikia hapo bodaboda walikuwa wametuzunguka, na mmoja alishauri kwa sauti kwamba mtumba haufai, tungenunua mpya.

Siku ya kufunga nilikaa pale pale mwembeni. Nikaona fundi anashusha gari huku bolti za mkono wa chini zimelegea, nikapiga kelele. Akacheka. "Bushi hukazwa gari likiwa limekanyaga chini. Ukiikaza inaning'inia, mpira unakaa umejipinda, unachanika mapema." Halafu akavuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akafumba jicho moja, akazungusha kidogo, akafumba tena. Hiyo ndiyo alaimenti yetu, na usukani umekaa sawa.

Kimya kilichofuata kilinitisha. Nilianza kusikia vitu ambavyo kelele za mbele zilikuwa zikivifunika: kioo cha mlango kinatetema, deshibodi inanong'ona, na mke wangu, ambaye kumbe muda wote alikuwa akizungumza nami.

Mama mkwe akakubali kujaribu. Alikaa mbele kutoka Ujiji mpaka Kibirizi, mkono umeshika mlango, akisubiri. Rasta ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Akauachia mlango.

"Alhamdulillahi, limepona. Basi Jumamosi tupitie Simbo, nina madumu yangu ya mawese."

"Mangapi, mama?"

"Machache tu, baba. Tutayaweka nyuma."

Nyuma, ambako fundi alishasema shokapu zake tuziache mpaka mwisho wa mwaka.