Uainishaji wa Harufu za Nyumba za Pwani

Kila nyumba ya Pwani, tangu Lamu hadi Unguja, ina harufu mbili: iliyopo, na inayotakiwa isikike. Elimu ya kuifunika ya kwanza kwa ya pili haijapata kitivo chuoni, ingawa maprofesa wake wamejaa majikoni. Hapa tunaipanga katika makundi manne.

Kundi la Kwanza: Visivyohitaji moto. Hapa wamo asumini, mrehani na mkadi. Asumini huchumwa jioni ingali tumba, ikafunguka usiku. Hutandazwa kitandani au hufungwa kikuba pamoja na mrehani. Chumbani haina mpinzani. Jikoni, mbele ya papa mkavu, hushindwa mapema.

Kundi la Pili: Vichemshwavyo. Mchaichai, karafuu, mdalasini na maganda ya machungwa huwekwa kwenye sufuria, moto mdogo, mvuke ukabeba mafuta yake: sitrali ya mchaichai, yujenoli ya karafuu. Dosari ni moja: mgeni hudhani ni chai, akaisubiri. Hapo mtafiti huongeza majani na sukari, na jaribio zima likanywewa.

Kundi la Tatu: Vifukizwavyo. Ubani, utomvu wa miti ya Somalia na Dhofar huko Oman, pamoja na udi, hutiwa kwenye chetezo. Mwanagenzi huutupa ubani juu ya kaa jekundu, ukaungua na kunuka moshi mtupu. Bingwa hungoja kaa livae jivu.

Kundi la Nne: Vifukuzavyo. Kivumbasi humpendeza mtu na kumkera mbu. Mmea wa kumkera mgeni asiyeaga hadi usiku wa manane bado unatafutwa.

Izingatiwe kwamba hakuna kundi linaloondoa uvundo. Yote huukalia tu. Kinachouondoa ni dirisha lililo wazi na ndoo ya taka iliyomwagwa, njia ambazo wataalamu huziona hazina hadhi.

Kutokana na hayo tunapata kanuni: wingi wa moshi ni cheo cha mgeni mara umri wa samaki. Jirani hafukiziwi kitu. Shemeji hupata mchaichai. Mama mkwe hufukiziwa mpaka mapazia. Tatizo ni kwamba mama mkwe ndiye aliyeitunga kanuni hii. Akikuta ubani saa nne asubuhi, hupiga hesabu kinyumenyume, akapita sebuleni bila kuketi, akaenda kufunua sufuria.