Muulize Shangazi Raba

*Shangazi, shikamoo. Najiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro. Kila Jumamosi natoka Upanga, navuka Daraja la Tanzanite hadi Masaki, na huko miguu inanipeleka yenyewe kwenye maduka ya keki. Tangu nianze mazoezi, suruali zinanibana. Nimekosea wapi? – Mzito, Upanga*

Marahaba, mwanangu. Tupige hesabu, maana wakimbiaji wa Dar mnajua kasi ya kila kilomita lakini krimu hamuihesabu. Mtu wa kilo 70 huunguza takriban kalori 70 kwa kilomita, awe anakimbia taratibu au anafukuzwa na mbwa. Daraja lenyewe ni kilomita moja na ushei. Ulivyolivuka kwa mbwembwe na kujipiga picha, umelipia vijiko viwili tu vya keki. Kipande cha keki ya chokoleti yenye krimu hufika kalori 400 bila shida, yaani karibu kilomita sita, na nyie watu wa Upanga nawajua, kimoja hakiwatoshi. Na ile soda baridi ya kuteremshia mbona hukuiandika?

Keki sikukatazi. Ukikimbia saa nzima na zaidi, misuli imepunguza akiba yake ya sukari, na wanga wakati huo una kazi ya kufanya. Ninachokataza ni kula kwanza ndipo ukimbie. Mafuta ya krimu hukawia tumboni, damu nayo imeitwa miguuni. Tumbo likigoma katikati ya daraja, pale hakuna choo wala kichaka. Duka liwe mwisho wa safari, urudi kwa bajaji.

Na tafadhali, usiliinamie kabati la vioo ukichagua. Jasho linadondoka, binti mwenye koleo anakutazama, halafu unavua raba kutoa noti ya elfu kumi soksini, tembo wa watu wa kwenye noti amelowa kama katoka mtoni. Lipa kwa simu.

*Shangazi, niko Vienna. Kikundi chetu hukimbia kwenye bustani ya Prater kila Jumapili, kisha tunaingia mjini kula keki ya Sachertorte. Wenzangu wanagombana: ya Hoteli Sacher au ya duka la Demel? – Mpemba Ughaibuni*

Ugomvi huo ulishafika mahakamani ukachukua miaka, sembuse nyie mnaohema. Ya Sacher ina jemu ya aprikoti hadi katikati. Ya Demel jemu iko juu tu, chini ya chokoleti. Mimi napenda jemu, basi nenda Sacher.

Ila ujue unakanyaga wapi. Kwenye Hauptallee, ile njia iliyonyooka ya Prater, ndipo Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42.2 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, tarehe 12 Oktoba 2019. Alikuwa na wasindikizaji 41 wa kupokezana, na kinywaji chake cha wanga kililetwa na mtu wa baiskeli. Wewe hakuna anayekupimia saa. Kaa kitako, agiza, na ile krimu isiyo na sukari wanayoiweka pembeni usiiache. Keki yenyewe ni kavu.

*Shangazi, mume wangu anarudi mazoezini alfajiri na krimu kwenye masharubu. Anasema ni povu la uchovu. – Mke wa Mkimbiaji, Tabata*

Mwanangu, duka gani la keki linafunguliwa alfajiri? Mfuate. Vaa raba.